Masega ya RX-8: nimeyatoa, raha wiki tatu, sasa kilio. Wazoefu njooni

Kidagaa
Wakuu, heshima kwenu. Uzi unahusu masega, kile kipande cha ekzosi kinachosafisha moshi. Ni mrefu kidogo, atakayechoka njiani ashushe.

Nina Mazda RX-8 ya 2004, manyuali ya gia sita. Niliinunua mkononi mwa mtu hapa Dar. Wanaoijua wanaijua: injini ya rotari, lita 1.3, haina pistoni, na mshale unapanda mpaka 9,000 bila kulalamika. Mwezi wa pili nikaanza kuona imechoka. Kwenye tambarare inakwenda, ila ukiikanyaga inapiga kelele bila kusogea, kama mtu anayekimbia huku kabanwa pua. Taa ya injini ilikuwa inapepesa mara moja moja. Nikaipuuza, maana ikipepesa dakika mbili inazima yenyewe.

Nikasafiri nayo kwenda Iringa. Mpaka Ruaha Mbuyuni nilikuwa najipa moyo. Kitonga ndipo picha lilipoanza. Gia ya tatu haitaki, ya pili inajikongoja, nikaishia kupanda kwa ya kwanza. Penye upana ikanipita Fuso tupu inayofuata nyanya Ilula, utingo akanipungia mkono kwa huruma kabisa. Gari ya michezo hiyo!

Nilipofika juu nikapaki pembeni, giza limeshaingia. Nashuka, naona mwanga chini ya gari. Nikadhani nimeangusha tochi. Kuinama hivi, bomba zima pale kwenye masega limekuwa jekundu kama mkaa wa jiko, na majani makavu yaliyo chini yake yameanza kufuka moshi. Nilirudi ndani mbio nikaisogeza kwenye kokoto, na dumu langu la maji ya kunywa likaishia kwenye yale majani.

Kurudi Dar nikaenda kwa fundi mmoja, simtaji. Akagonga bomba mara mbili kwa spana: "Masega yameziba. Tuyatoe, gari itaruka." Grenda ikalia, kikakatwa kipande chote, akachomelea bomba tupu. Nusu saa haikufika. Elfu themanini nikalipa, na masega akayatia kwenye salfeti akaondoka nayo.

Wiki tatu za raha, sitadanganya. Mlio umebadilika, gari imefunguka, nikawa napita barabara ndefu makusudi. Sasa: inamisi (mafuta hayawaki kila mara), inapiga risasi ukiachia mafuta, juzi kwenye taa za Mwenge imetoa ulimi wa moto, bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaniita majina yote. Ndani kuna harufu ya petroli, mwanangu wa miaka sita anasema kichwa kinamuuma. Injini ikiwa ya moto kuwaka ni kazi. Mashine ya kusoma makosa ya gari imetoa namba P0420 na P0302.

Je, niyarudishe masega au tatizo liko kwingine? Natanguliza shukrani.

MkokoTeni
Umepigwa mkuu. Masega ya Mjapani na elfu themanini juu? Fundi kalipwa mara mbili.

Zungu la Tatu
Mimi nilitoa kwenye IST yangu tangu 2019, mafuta inakula kidogo na inavuta. Wewe lako ni gari bovu tu.

SpanaNamba17
Kidagaa, nimemiliki mbili za hizo, moja nimeizika. Nitakueleza taratibu.

Masega yako hayakufa kwa uzee, yaliuawa. Na muuaji bado yuko ndani ya gari.

RX-8 ina koili nne (zinazotoa umeme wa cheche) na plagi nne, mbili kwa kila rota, kile kinachozunguka badala ya pistoni. Koili za kwanza za Mazda kwenye gari hizi ni dhaifu, kila mwenye RX-8 duniani anajua. Koili ikichoka, cheche inakuwa hafifu, mafuta hayaungui yote ndani ya injini. Yanakwenda wapi? Yanatoka na moshi mpaka kwenye masega, na masega kazi yake ni kumalizia kuunguza. Badala ya kuunguza mabaki kidogo, yanaunguza petroli mbichi. Ile rangi ya mkaa uliyoiona Kitonga ndiyo hiyo. Ndani mna kauri yenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, ndiyo maana likaitwa hivyo. Ikizidi joto inayeyuka, vitundu vinazibana. Hapo moshi hauna pa kutokea, joto linarudi nyuma kwenye injini, na kwenye rotari joto hilo linakwenda kuzila sili za ncha za rota. Juu ya hapo rotari kwa asili inaunguza oili kidogo kidogo ili kulainisha sili hizo, na oili nayo si rafiki wa masega.

Ile taa iliyokuwa inapepesa ndiyo iliyokuwa inakwambia. Kwenye gari nyingi zenye kompyuta ya injini, taa ya injini ikiwaka tu kuna kosa. Ikipepesa maana yake kumisi kumefikia kiwango cha kuua masega, punguza mwendo.

P0302 kwenye gari yako ni rota ya nyuma inamisi. P0420 ni kompyuta inakuuliza masega yako wapi. Lipi la kuanza nalo, sidhani kama unahitaji kuambiwa.

Swali: plagi zilibadilishwa lini, na nani?

Kidagaa
Plagi alibadilisha huyohuyo fundi siku ileile. Alisema zote nne ni sawa.

SpanaNamba17
Si sawa. Ya chini ya kila rota ni RE7C-L, ya juu ni RE9B-T. Herufi ya mwisho ndiyo inayokuonyesha, L ni inayotangulia kuwasha, T ni inayofuatia. Zina uwezo tofauti wa kuhimili joto. Zitoe, zipange mezani kwa mpangilio ulivyozitoa, piga picha.

Na jambo jingine linanikera. Kwenye RX-8 kile kipande cha masega kimefungwa kwa flenji (visahani vya kuunganishia bomba) na nati huku na huku. Unamwagia dawa ya kutu, unasubiri, unafungua, kinatoka kizima. Hakukuwa na haja ya grenda. Aliyekata alikuwa na haraka ya kitu.

Chuma Chakavu
Kitu chenyewe naweza kuwaambia, maana mimi ni mnunuzi.

Ile kauri imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari nzima, lakini rodiamu mwaka 2021 ilipita dola 29,000 kwa wakia moja. Ndiyo kipindi ambacho ulikuwa unasikia watu wameamka asubuhi gari inanguruma kama trekta, masega yameibwa usiku. Baadaye bei ikaporomoka, 2023 ilishuka chini ya 5,000, ila hata hivyo masega ya asili kutoka Japani hayatupwi na mtu mwenye akili. Tunaangalia namba iliyogongwa kwenye ganda, tunajua ni ya gari gani na ndani mna nini. Yale ya bei rahisi ya kuuziwa dukani yana madini kiduchu, hayo tunanunua kama chuma tu.

Kwa hiyo mkuu, fundi ndiye alipaswa akupe chenji. Mimi kwenye biashara yangu namwuliza mleta mzigo kadi ya gari. Wengine hawaulizi.

Jamaa wa Ngong Road
Salamu kutoka Nairobi. Huku ugonjwa huu uko kwa Subaru. Ukikaa karibu na Thika Road usiku huhitaji saa, milio yenyewe inakuambia ni Ijumaa.

Rafiki yangu ana Impreza WRX STI. Makanika alimtolea kila kitu kutoka kwa tabo (feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini) hadi nyuma, bomba pana moja kwa moja, bila kugusa kompyuta. Siku ya kwanza alikuwa mfalme. Siku ya pili, akiwa gia ya nne na amekanyaga hadi mwisho, gari ikakata mafuta ghafla kana kwamba mtu amezima ufunguo. Ikarudia. Shida ni kwamba ukiondoa kizuizi nyuma ya tabo, tabo inazunguka kwa urahisi kuliko ilivyopangiwa, na kile kilango cha kupunguzia gesi ni kidogo, hakiwezi kumwaga yote. Msukumo wa hewa unapanda kupita kiwango, kompyuta inaona hatari, inakata. Na hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni hewa iwe nyingi, mafuta yawe machache, na pistoni ipasuke kingo. Alilipa pesa nyingi ya kupanga kompyuta upya kuliko ile ya bomba.

Lakini niseme pia upande wa pili, ili tusiwe kama mapadri. Zile WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 zilikuwa na kisega kidogo kabla ya tabo. Kile kikivunjika, vipande vya kauri vinaingia moja kwa moja kwa mapanga ya tabo. Wenye gari hizo wanaokitoa nawaelewa kabisa.

Zungu la Tatu
Si ndiyo nilichosema? Watoe. Afrika hakuna ukaguzi wa moshi.

Leicester Mswahili
Huku Uingereza ungefeli mapema. Tangu 2012, kwenye ukaguzi wa kila mwaka, kama gari ilitoka kiwandani na masega na hayapo, inafelishwa kwa hilo tu, hata kama moshi ungepita kipimo. Watu wa RX-8 huku wana mabomba mawili stoo: tupu kwa ajili ya kwenda kwenye uwanja wa mbio, na la masega la siku ya ukaguzi. Jumamosi unawakuta wamelala chini ya gari na spana, midomo michafu, mikono michafu zaidi. Marekani nako sheria ya hewa safi inakataza kabisa kuyatoa kwenye gari ya barabarani.

Faida yenyewe? Kwenye RX-8 isiyo na tabo, masega yakiwa mazima, ukiyatoa unaambulia nguvu ya farasi wachache ambao bila mashine huwaoni. Unachopata ni kelele.

Mzee Kipara
Vijana, mimi nimeanza gereji 1991. Ngoja niwatetee mafundi wa zamani kidogo.

Wakati ule magari kutoka Japani yalikuwa yanakuja na masega, lakini petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi. Risasi inapaka yale madini ya ndani kama chokaa ukutani, masega yanakufa na baadaye yanaziba. Gari linashuka bandarini, baada ya muda halivuti. Tungefanya nini? Tulitoboa kwa nondo, tukamwaga unga mweupe kwenye ndoo, tukarudisha ganda tupu. Wala hatukujua kwamba ndoo ile ina mali. Nchi za kusini mwa Sahara zilimaliza kuondoa petroli ya risasi mwishoni mwa 2005. Sababu imeondoka, mkono umebaki na mazoea yake. Fundi anayewafundisha vijana leo alifundishwa na mimi, au na mtu kama mimi.

Kwa hiyo Zungu la Tatu, IST yako ilipata nguvu kwa sababu yalikuwa yameziba. Ungeweka mazima yangekupa nguvu ileile.

Na kuhusu kula mafuta: sensa inayopanga mchanganyiko wa hewa na petroli ni ya mbele, kabla ya masega. Ya nyuma hasa ni mlinzi, inaangalia kama masega yanafanya kazi. Kutoa masega hakuiambii injini ipunguze mafuta.

Zungu la Tatu
Shikamoo mzee. Hiyo nimeipokea. Ila kuna kile kipande cha kuinulia sensa ya nyuma, kinauzwa, unaifunga sensa mbali na moshi, taa inazima. Tatizo limekwisha, si ndiyo?

Mzee Kipara
Marahaba. Taa ndiyo itakayokwisha.

Bint Mtoni
Samahani, mimi si mtu wa magari, nafundisha kemia na nimeletwa hapa na mume wangu. Nimesoma mpaka mwisho, na mmepita haraka sana pale kwa mtoto wa miaka sita.

Masega yanafanya kazi tatu kwa mpigo. Monoksidi ya kaboni inageuzwa kuwa dioksidi ya kaboni. Petroli ambayo haikuungua inageuzwa kuwa maji na dioksidi ya kaboni. Oksidi za nitrojeni zinarudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida, hii tunayoivuta sasa hivi. Yanaanza kufanya kazi vizuri yakishapata moto wa nyuzi 250 hadi 300 hivi, ndiyo maana gari likiwa la baridi hunuka zaidi.

Kidagaa, umetoa kitu hicho, na injini inamisi, na umechomelewa bomba kwa nusu saa chini ya sakafu ya gari. Harufu unayoisikia ni petroli, na kwa kweli harufu ni bahati yako. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na dalili yake ya kwanza ni kuumwa kichwa. Mtoto anaathirika upesi kuliko wewe. Kagua kiungo cha kuchomelea leo: injini ikiwa ya baridi, mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene huku injini inanguruma taratibu, wewe sikiliza wapi panapuliza. Mpaka hapo mtoto asipande hiyo gari.

Kidagaa
Dada asante. Nimefanya sasa hivi na kijana wa jirani. Panapuliza, tena upande wa abiria. Kuna tundu la kuingia kiberiti. Gari nimeipaki, kesho napanda mwendokasi.

SpanaNamba17
Afadhali. Ukitulia, kabla hujanunua chochote, pima kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayobanwa ndani ya injini. Rotari haipimwi kama injini nyingine. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo unahitaji namba tatu mbele na tatu nyuma. Ukikosa mashine yake, tumia kipimo cha kawaida lakini ondoa vali ya kuzuia pumzi isirudi, piga stata mafuta yakiwa yamekatwa, utaona mshale unaruka: tap, tap, tap. Mruko mmoja ukiwa mdogo kuliko wenzake, uso huo una shida. Kiwango cha chini cha kiwanda ni kilopaskali 680 stata ikizungusha injini mara 250 kwa dakika.

Na kwa wengine mnaosoma: kabla ya grenda, kuna kipimo cha bure. Fungua sensa ya mbele kwenye ekzosi, liache tundu wazi, washa gari, itapiga kelele kama imetobolewa. Ikirudisha nguvu, masega yameziba kweli. Mwenye geji ya msukumo anaifunga palepale: ikiwa inanguruma taratibu isizidi psi moja na nusu hivi, ukipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika isizidi tatu.

MkokoTeni
Usisahau mrejesho.

Kidagaa
Mrejesho, wakuu. Siku kumi na nane zimepita.

Plagi: fundi aliweka RE9B-T zote nne. Mbili za rota ya nyuma zilikuwa nyeusi na zimelowa, ukinusa ni petroli tupu. Koili ya chini ya rota ya nyuma ina ufa mwembamba kama unywele, usiku ukiwasha na kufungua boneti unaona cheche ya buluu inaruka kwenda kwenye chuma. Nimebadilisha koili zote nne, waya na plagi sahihi. Kumisi kumekwisha siku hiyohiyo. Hakuna risasi, hakuna ulimi wa moto.

Kompresheni. Rota ya mbele: 720, 710, 720. Ya nyuma: 640, 690, 630. Nilirudia mara tatu nikitumaini kipimo kimekosea. Hakijakosea. Ndiyo maana ikiwa ya moto inagoma kuwaka. Miezi ile ya kuendesha masega yakiwa yameziba, na Kitonga juu yake, imenigharimu nyuso mbili. Itatembea, lakini siku ya kufungua injini nimeshaanza kuiwekea pesa.

Masega: nilirudi kwa fundi kuyaulizia. Akasema alitupa. Nikamwuliza alitupa wapi nikaokote, akacheka, nikacheka, tukaachana. Nimepata kipande kamili cha mitumba kutoka RX-8 iliyogongwa, flenji zote mbili zipo. Nimekichungulia kwa tochi, vitundu vinaonekana mpaka upande wa pili, ukikitikisa hakigongigongi ndani. Kimefungwa kwa nati mpya, hakuna kuchomelea. P0420 haijarudi mpaka leo. Mlio umekuwa wa kistaarabu, nitakuwa mwongo nikisema siukumbuki ule mwingine.

Mtoto amepanda jana mpaka Bagamoyo. Amelalamika kuhusu muziki tu.

Zungu la Tatu
Hongera mkuu. Lile bomba tupu bado unalo? Nina jamaa ana RX-8 yake imechoka, anasema masega yameziba, anataka kutoa.

Kidagaa
Lipo nyuma ya banda la kuku. Mwambie kwanza anitumie picha ya plagi zake, zote nne, kwa mpangilio alivyozitoa.